D-dimer 610: mama apigwe CT au la?

SWALI: Mama yangu, miaka 68, alibanwa pumzi, daktari akahofia donge la damu mapafuni. D-dimer (kipimo cha damu cha dalili za donge) ilitoka 610, maabara imeandika mwisho 500, lakini hakumpeleka CT (picha ya kutazama donge mapafuni). Ni sawa?

JIBU: Pole kwa kuuguza. Ni sawa, mradi kwanza daktari alihesabu alama za Wells (za kukadiria uwezekano wa donge) zikawa 4 au pungufu. Baada ya miaka 50 kikomo ni umri mara 10. Kwa mama, 680, maana kipimo hiki hupanda na umri. Ila tazameni kizio: kiwe ng/ml FEU. Kwa kizio kingine, DDU, kikomo chake ni nusu ya hapo, 340 tu, na 610 ingedai CT. Wells ikizidi 4, msipoteze muda na D-dimer: ni CT moja kwa moja. Akikohoa damu, akizimia au mguu mmoja ukivimba, mrudisheni hospitali saa hiyo hiyo.