Binti Yangu Anaghani Mbiombio

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Mama mkwe wangu anatarajiwa kurejea kutoka Hija baada ya wiki tatu, na ukoo umepanga kumlaki kwa maulidi na chakula. Binti yangu wa miaka tisa amepewa kughani shairi la beti sita lililotungwa na baba yake mdogo, lenye kibwagizo “Bibi mpenda watoto, leo twakupa salamu”. Anakwenda mbio, anavuta pumzi katikati ya neno, na akifika ubeti wa nne husahau na kuanza kulia. Je, nimruhusu asome kwenye karatasi? Mama, Tanga.

JIBU: Mama, karatasi aishike ikiwa inamtuliza, lakini asiisome, kwa kuwa msomaji huinamisha uso na sauti yake haiwafikii waliokaa nyuma. Hata hivyo, naona mtoto ameyashika maneno kabla hajakishika kipimo chake, na ndiyo maana anakimbia.

Chukua hicho kibwagizo chenyewe. Kina mizani (silabi) 16, yaani 8 katika ukwapi, ile nusu ya kwanza ya mshororo, na 8 katika utao, nusu ya pili, na pumzi huvutwa pale penye koma, kina cha kati, yaani mlio wa mwisho wa ukwapi, kinapomalizika. Mpigie makofi polepole, kofi moja kwa kila mizani: Bi-bi-m-pe-nda-wa-to-to. Sikiliza hasa hiyo “m” ya “mpenda”, ambayo ni mizani kamili. Watoto wengi huimeza, kipande kikabaki na mizani 7, na mahadhi yakapinda bila wao kujua kilichoharibika. Fanyeni hivyo kwa ubeti mmoja tu kila jioni, na msiongeze mwingine mpaka ule wa kwanza utoke bila makofi.

Kuhusu kusahau, kibwagizo ndicho msaada wake mkubwa. Beti sita za mishororo minne ni mishororo 24, lakini kwa kuwa sita kati yake ni kibwagizo kilekile, iliyobaki ni 18. Waombeni shangazi na binamu zake wakiitikie wote kila ubeti unapokwisha. Wakati wao wanaitikia, yeye anapumua na kuukumbuka mshororo unaofuata, na hajioni tena kuwa peke yake mbele ya watu. Nimewaona watoto waoga wakitulia kabisa kwa njia hii.

Mahadhi asiyatafute kwenye simu. Katika ukoo wenu hakosi mzee anayejua kughani. Mpelekeni akae naye alasiri mbili au tatu, amweleze pia maana ya kila neno asilolielewa, kwani neno lisiloeleweka ndilo linalopotea kwanza. Nashuku ubeti wa nne una neno la namna hiyo, basi muulize taratibu.

Siku yenyewe, asianze mpaka bibi yake ameketi na sahani zimekwisha kuondolewa.