Plasma ya mtumba kwa kutazama mpira
Ndugu unayeuliza kama TV ya plasma ya mtumba (TV bapa ya zamani ambayo kioo chake huwaka chenyewe kwa gesi) bado inafaa kwa mpira: kwa mwendo, inazishinda TV nyingi za LCD (zenye taa nyuma ya kioo) za bei ya chini hata leo. LCD hushikilia kila picha mpaka nyingine ije, na jicho linaloufuata mpira huona ukungu. Plasma huwaka kwa mipigo mifupi mifupi na kuzimika, kwa hiyo ukungu huo ni mdogo sana. Ile "600 Hz" ya kwenye boksi isikuhadae, si picha 600 kwa sekunde. Ni mipigo 10 kwa kila picha, mara picha 60 kwa sekunde. Kinachonitisha mimi ni jinsi inavyokula umeme, na nembo ya chaneli kubaki kama kivuli kwenye kioo hata ukihama chaneli. Vipuri navyo tabu: Panasonic iliacha kuzitengeneza 2013, Samsung ikafuata 2014.