Muulize mama yako mkubwa habari za skuli

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikaa na wanawake wa ukoo wetu walioko Muscat, wengi wao wazaliwa wa Unguja, nikiwarekodi wakisimulia habari za skuli. Nawaomba na nyinyi mlio na wazee kama hao muanze, na muanze mwaka huu. Waliokuwa walimu vijana Oman katika miaka ya 1970 sasa wamepita miaka sabini, na wengine tumeshawazika bila kuwauliza chochote.

Yaliyoandikwa vitabuni yanajulikana. Mwaka 1970, Sultani Qaboos alipomwondoa baba yake, Said bin Taimur, Oman ilikuwa na skuli tatu tu za serikali zenye wanafunzi wapatao 900, wote wavulana. Aliyetaka elimu zaidi alikwenda Kuwait, Bahrain au Cairo. Yakafuata madarasa ya ndani ya mahema, walimu kutoka Misri, Jordan na Sudan, na mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, ambacho kilipokea wasichana tangu siku ya kwanza.

Lakini serikali ikishajenga skuli, nani alimtoa msichana nyumbani? Hilo wanalijua wazee wetu. Zanzibar skuli ya serikali ya wasichana ilikuwepo tangu 1927, kwa hiyo wanawake wengi wenye asili ya Oman waliotawanyika baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 waliingia Oman na vyeti vyao na Kiingereza safi, pale Sultani mpya alipowaita Waomani walio nje warudi. Kiarabu cha kuandika kiliwapa taabu. Mama yangu mkubwa alisomesha Kiingereza mchana, na jioni akifundishwa imla ya Kiarabu na binti wa jirani ambaye asubuhi alikuwa mwanafunzi wake. Amenieleza kwamba baba wa binti yule alikataa kabisa basi la skuli, mpaka alipopatikana dereva mzee aliyejulikana mtaa mzima. Wiki ile ile majirani wengine nao wakawatoa binti zao. Mabadiliko makubwa ya nchi yalipitia hapo, kwa dereva aliyeaminika, na sijayaona kwenye kitabu chochote.

Ndiyo maana nasema usianze na swali kubwa. Ukiuliza "mambo yalibadilika vipi?" utapewa hotuba ya sikukuu ya taifa. Uliza nani alishona sare, chakula cha mchana kilikuwa nini, mshahara wa kwanza ulikwenda wapi. Shangazi yangu mmoja alimnunulia mama yake cherahani kwa mshahara ule, na tangu siku hiyo babu hakuzungumza tena kuhusu kuwaachisha skuli wadogo wa shangazi. Uliza kwa Kiswahili kama ndicho alicholelewa nacho, hata kama wewe umezoea kuzungumza naye Kiarabu. Utasikia mtu mwingine kabisa.

Ikiwezekana waketishe ndugu wawili pamoja. Watabishana, na katika kubishana watakumbushana. Akikosea mwaka, mwache amalize. Cheti au pasipoti itakusaidia baadaye.

Kuna yanayouma. Habari za 1964, waliouawa, mali iliyobaki. Habari za utumwa, ambazo nyumba nyingi huzipita kimya. Na machungu ya kufika Oman ukaitwa Mzanzibari katika nchi ya babu zako. Usimlazimishe mtu. Mara nyingi hurudi mwenyewe kwenye jambo hilo baada ya siku nyingi, mkiwa jikoni. Akisema zima simu, zima kweli.

Jambo moja naliona ni la lazima: nenda pia kwa jirani ambaye ukoo wake haukuwahi kuondoka Oman hata siku moja. Sisi tunasimulia jinsi Wazanzibari walivyojaza nafasi za walimu, wauguzi na makarani, na ni kweli, nami najivunia. Yeye atakueleza ilivyokuwa kuona kazi za ofisini zikichukuliwa na wanaojua Kiingereza, wakati kaka yake alisomea Kurani chini ya mti kwa sababu skuli haikuwepo. Atakueleza pia mama yake alivyoanza kuandika jina lake kwenye darasa la watu wazima, akiwa ameshapata wajukuu. Bila sauti hiyo utakuwa umerekodi sifa za ukoo wako tu, na wajukuu wetu wanastahili zaidi ya hapo. Leo katika vyuo vya Oman wasichana ni wengi kuliko wavulana, na wengi wao hawajui bibi zao waliombewa ruhusa na nani.

Kazi yenyewe haihitaji vifaa. Simu yatosha. Zima kiyoyozi kwa muda, maana mvumo wake humeza sauti za wazee. Mwanzoni taja jina lake, tarehe na mahali, na umwombe ruhusa ya kuwasikilizisha wengine. Mwombe alete picha za zamani, andika majina nyuma kwa penseli, kisha nakili rekodi sehemu mbili na umpe binti yake moja.