Barua kwa mwanangu: Sikukuu za BWANA na watu wa mezani pako

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Umeniuliza kama ukianza kuzishika sikukuu za Mambo ya Walawi 23, zile walizoagizwa Waisraeli, kama wanavyofanya hao wenzako mnaosoma nao Neno huko Dodoma, utakuwa umeiacha imani tuliyokulea nayo. Ukaongeza: kama sivyo, uanzie wapi? Nimeisoma upya sura yote kabla ya kukujibu. Nawe isome, ila uweke na Kumbukumbu la Torati 16 pembeni.

Hofu ya kwanza niiondoe upesi. Paulo aliwaandikia Wakolosai kwamba mtu asiwahukumu kwa ajili ya sikukuu, wala mwandamo wa mwezi, wala sabato. Hayo ni kivuli, bali mwili ni wa Kristo. Neno hilo linamlinda anayeshika na asiyeshika. Na Paulo huyohuyo alikuwa na haraka ya kuwahi Yerusalemu siku ya Pentekoste. Katika karne ya 2, Polikarpo, askofu wa Smirna, alikwenda Roma kuonana na Aniketo, askofu wa huko. Polikarpo aliiadhimisha Pasaka siku ya 14 ya mwezi wa kwanza wa Kiyahudi. Roma waliiadhimisha Jumapili. Hakuna aliyemshawishi mwenzake, lakini walishiriki Meza ya Bwana pamoja na kuagana kwa amani. Basi shika, mwanangu, kama moyo wako unakusukuma. Ila ukiwasikia wenzako wakisema kwamba usharika wetu unaabudu upagani kwa sababu Pasaka yetu ni Jumapili, usiitikie amina.

Tena asikudanganye mtu kwamba yeye anaishika Pasaka kama ilivyoandikwa, bila kupunguza kitu. Iliyoandikwa ina mwana-kondoo wa kuchinjwa, na Kumbukumbu la Torati 16 inakataza kumchinja katika mji wowote utakao, isipokuwa mahali atakapopachagua BWANA. Hekalu lilibomolewa na Warumi mwaka 70. Sisi tunaamini Pasaka wetu, yaani Kristo, ameshachinjwa, na kwa hiyo tunakumbuka kwa shukrani. Hakuna deni tunalolipa.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nikae niandike. Katika sikukuu hizo sioni iliyowekwa kwa ajili ya mtu peke yake. Torati inamwamuru mtu afurahi, kisha inamtajia atafurahi na nani: mwanawe, binti yake, mtumwa na mjakazi wake, Mlawi, mgeni, yatima na mjane walio ndani ya malango yake. Mpango wa maisha ya kiroho tuliouzoea wengi ni sura kadhaa za Biblia asubuhi, maombi usiku, mfungo tukisikia msukumo. Ni mzuri, lakini unaweza kuutimiza mwaka mzima bila mtu mwingine kunawa mikono kwako. Sikukuu hazikuruhusu hivyo. Wala hazingoji ujisikie. Ukiwa na huzuni, Sikukuu ya Vibanda ikifika unafurahi. Ukiwa na raha, Siku ya Upatanisho ikifika unajinyenyekeza.

Kwa hiyo unapouliza uanzie wapi, mimi nasema usianze na kalenda. Anza na majina. Nani huko Dodoma hana wa kula naye? Yule kijana mlinzi wa hapo unapopanga, kwao ni wapi?

Pasaka ndiyo nyepesi kuanza. Siku saba hizo ondoa hamira nyumbani. Mikate, maandazi na vitumbua vipumzike. Chapati zetu hazina chachu, zitakutosha. Usiku wa kwanza alika watu, usome Kutoka 12, na mtoto yeyote aliyepo aachwe aulize maswali, kwa kuwa sura yenyewe inategemea watoto watauliza. Kisha usome 1 Wakorintho 5, Paulo anapoitaja chachu ya uovu na ubaya.

Hesabu majuma saba hadi Pentekoste. Hapo nataka utulie kidogo. Baada ya maelekezo ya Pentekoste, kabla ya baragumu za mwezi wa saba, kuna mstari wa 22 wa Walawi 23: usivune pembe za shamba lako kabisa, wala usiokote masazo, waachie maskini na mgeni. Sheria ya shamba imewekwa katikati ya sheria za ibada, na Ruthu aliishi kwa sheria hiyo. Wewe huna shamba, una mshahara. Acha pembe yake moja bila kuivuna, kila mwezi, na yule atakayeokota asilazimike kukupigia magoti.

Na kwa kuwa umeniambia mnahimizwa kutoa mshahara wote wa Januari kuwa malimbuko, soma Kumbukumbu la Torati 26 kwa makini. Mkulima analeta kikapu cha mazao ya kwanza. Anakiweka mbele za BWANA, anasimulia jinsi baba zake walivyoteswa Misri wakatolewa, anasujudu, kisha anafurahia mema yote pamoja na Mlawi na mgeni. Sijaona humo mtu aliyerudi nyumbani akakopa nauli. Hapa kwetu Jumapili ya mavuno watu huleta mikungu ya ndizi, mahindi, kuku, wengine mbuzi, na baada ya ibada kunakuwa na mnada. Ulikuwa ukiupenda mnada ule. Huo uko karibu sana na kikapu cha Torati kuliko hayo unayodaiwa. Anayekutishia laana ili utoe, mwanangu, jihadhari naye.

Siku ya Upatanisho funga, usome Waebrania 9 na 10. Lakini siku za kabla yake, nenda kwa watu. Walimu wa Kiyahudi wa kale walifundisha kwamba siku hiyo haifuniki kosa ulilomtendea mwenzako mpaka umpatanishe kwanza, na Bwana wetu alisema tuiache sadaka mbele ya madhabahu tukapatane na ndugu. Kaka yako bado anasubiri simu yako. Sitasema zaidi.

Vibanda huangukia Septemba au Oktoba. Wana wa Israeli walikaa siku saba chini ya matawi wakikumbuka safari ya jangwani, na kwao ni wakati wa kungoja mvua baada ya kiangazi kirefu, kama ilivyo Dodoma miezi hiyo. Ndiyo maana napenda usome Yohana 7 nje, jioni, vumbi likipita: siku ile kubwa ya sikukuu Yesu alisimama akapaza sauti, mwenye kiu aje kwake anywe. Tandika mkeka uani, pika wali mwingi, waite wale uliowaandika majina.

Kalenda ya Kiyahudi hufuata mwandamo wa mwezi, hivyo tarehe huhama kila mwaka. Ziulizie mapema ndipo uombe likizo kazini. Baba yako anakusalimu, na anasema ukija wakati wa mavuno usije mikono mitupu, maana mnada unakungoja.

Mama yako