Friji ya boti inawaka na kuzima: pima volti kwanza
Kaka, friji kuwaka na kuzima kila baada ya dakika mbili huku betri ikisoma volti 12.6 haimaanishi kompresa (pampu inayosukuma gesi ya kupoza) imekufa. Usikubali fundi akuuzie mpya kabla hujapima. Weka mita ya volti kwenye terminali (vishikio vya waya) za kompresa yenyewe, si kwenye betri, na usome pale inapojaribu kuwaka. Kompresa kama Danfoss BD35, kwenye mfumo wa volti 12, kwa kawaida hujizima umeme ukishuka hadi 10.4, kisha hungoja urudi 11.7. Waya mwembamba hupoteza volti mzigo unapoanza. Mzigo ukikatika volti zinapanda, inawaka tena.

Yangu pale Ggaba ilinitesa hivyo hivyo, samaki wakaanza kulegea njiani kutoka Kalangala. Kumbe kishikio cha fyuzi kilikuwa kimeota kutu ya kijani! Zima swichi kuu, kikwangue, ukaze nati. Kagua na waya wa hasi, wengi huusahau. Kama ni waya mpya, kwa mita 6 kutoka betri hadi kompresa weka wa milimita mraba 6. Volti zikiwa hazishuki, angalia feni ya friji.