Jibu: Ada ya muziki chuoni, tuanzie wapi?

Umeuliza kama mnaweza kupinga huduma ya muziki ambayo chuo chenu hapa Nairobi kimeichagua na kuitia kwenye ada bila kuwauliza. Mnaweza, na si jambo geni.

Mwishoni mwa 2003 Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, kiliingia mkataba na Napster, huduma ya muziki ya mtandaoni, ili kupunguza uharamia wa nyimbo. Wanafunzi wakalalamika, na si kwa sababu ya pesa tu. Huduma ilitaka kompyuta ya Windows, kwa hiyo mwenye Mac au Linux alichangia kitu asichoweza kutumia. Nyimbo hazikuingia kwenye iPod, kile kichezeo cha muziki cha Apple. Kurekodi wimbo kwenye CD kulikuwa senti 99 za dola juu ya ada, na ukimaliza chuo, ulizopakua zinakufa usipoendelea kulipia mwenyewe. Hapo ndipo pa kubana.

Sasa ndugu yangu, maandamano yasubiri. Kama chuo ni cha umma, mwandikieni naibu chansela mkiomba nakala ya mkataba chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Anatakiwa kujibu ndani ya siku 21, ingawa anaweza kuongeza 14. Someni nani anakatwa, na kama kuna njia ya kujitoa. Kisha ulizeni waifai ya hosteli ikizima, bando analipa nani, na mwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe, anafaidika na nini. Mkienda na hoja ya "nyimbo zenyewe mbovu," mtachekwa tu.