Hesabu miguu kwanza: kwa anayeanza kusoma sanaa ya maumbo

Kazi yangu ya kwanza katika somo hili ilirudi na alama mbaya, na pembeni swali moja kwa kalamu nyekundu: "Miguu ya mtu huyu ikoje?" Tulikuwa tumepewa picha ya mchoro wa mwambani kutoka Game Pass, milima ya Drakensberg, Afrika Kusini. Pofu (namaanisha mnyama) kainamisha kichwa, na nyuma yake mtu kamshika mkia. Nikaandika kurasa mbili nzima za uwindaji: mnyama kajeruhiwa, mwindaji anammalizia, nyumbani wanasubiri nyama. Nilijiona nimeandika. Niliporudi kuitazama picha nikiwa na swali la mwalimu, ndipo nikaona kwamba miguu ya nyuma ya pofu imepishana, ya mtu nayo imepishana vilevile, na inaishia kwenye kwato. Mwindaji gani ana kwato?

Basi ndilo ningependa ulijue mapema wewe unayeanza. Hesabu miguu kwanza. Maana ikitangulia, macho hayaoni tena kilichopo ukutani, yanaona ulichokuja nacho.

Tuelewane kwanza kuhusu jina. Sanaa ya maumbo ni ile inayochora au kuchonga kitu unachoweza kukitaja: simba, mtu, mashua. Si lazima kifanane na kitu chenyewe kama kilichopigwa picha kwa kamera, wala si lazima kiwe binadamu. Vijiti vitano alivyochora mtoto akasema "huyu mama" tayari ni umbo. Lakini pale Blombos, Afrika Kusini, kuna kipande cha jiwe chenye mistari tisa iliyochorwa kwa ngeu, ule udongo mwekundu, miaka 73,000 hivi iliyopita, na hakuna anayeweza kukuambia mistari ile ni ya kitu gani. Ni mchoro, tena wa kusisimua, ila usiutaje kama mwanzo wa sanaa ya maumbo. Wanafunzi huanguka hapa kila mwaka.

Sasa umri. Hii sura mimi niliiruka kwa sababu ina kemia, na nikaja kuilipia. Picha haijiandiki tarehe. Kinachopimwa mara nyingi ni kitu kilicho jirani nayo, na usipojua ni kipi, tarakimu unazokariri hazina faida. Chukua pango la Leang Karampuang, kisiwani Sulawesi, Indonesia. Ukutani kuna nguruwe mwitu na maumbo matatu yanayofanana na watu. Maji yaliyochuruzika kwa karne nyingi yaliacha ukoko wa chokaa juu ya rangi, na ndani ya ukoko huo mna chembechembe za urani zinazogeuka polepole kuwa thoriamu kwa mwendo unaojulikana. Watafiti walipima wakapata miaka 51,200, matokeo yakatangazwa 2024. Umeona walichopima? Ukoko. Rangi ilikuwa pale kabla ukoko haujaanza kuota, kwa hiyo neno la lazima katika sentensi yako ni "angalau".

Chauvet, Ufaransa, mambo ni mengine. Simba na vifaru wengi wa mle wamechorwa kwa mkaa, na mkaa wenyewe unapimika: miaka 36,000 hivi kwa michoro ya zamani zaidi. Lakini kipimo hicho kinakwambia mti ulikufa lini. Siku mtu alipookota kile kipande cha mkaa akaanza kuchora, hakiijui. Halafu kuna pango la Apollo 11 nchini Namibia, lililopewa jina hilo kwa sababu wachimbaji walikuwa kazini mwaka ule wa 1969 watu walipotua mwezini. Pale, vibao vya mawe vyenye wanyama vilikutwa vimefukiwa, na umri tunaovipa, zaidi ya miaka 25,000, unatokana na tabaka la udongo vilimolala. Mapango matatu, njia tatu, na kila njia ina upande wake wa kukosea. Vitabu nilivyoanzia mimi vilisema bila wasiwasi kwamba maumbo yalianzia Ulaya, kisha mwaka 2014 vipimo vya kwanza vya Sulawesi vikavitikisa. Kwa hiyo ukiambiwa "hii ndiyo kongwe kuliko zote", ongeza mwenyewe kimoyomoyo: kati ya zilizopimwa.

Swali la nani alianza halininyimi usingizi tena. Linalonisumbua ni kwa nini watu, tangu zamani hizo, walitengeneza hata maumbo ya vitu visivyopo duniani. Pale Hohlenstein-Stadel, Ujerumani, mwaka 1939, siku chache kabla ya vita kuu, vilifukuliwa vipande vya pembe ya mamothi, yule mnyama kama tembo aliyekwisha kutoweka. Vita ikaanza, vikawekwa, vikasahaulika miaka thelathini. Vilipokuja kuunganishwa, vipande mamia, alisimama mtu wa sentimita 31 mwenye kichwa cha simba. Ana miaka 40,000 hivi. Aliyejaribu siku hizi kumchonga mwingine kwa zana za mawe alitumia zaidi ya saa 300. Fikiria saa hizo kwa watu wanaoishi kwenye baridi ya zama za barafu, na mwenzao mmoja kakaa anakwaruza pembe ili amtoe kiumbe ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Kufanana na vitu halisi, ambako wengi hudhani ndiko mwanzo wa sanaa, hapa hakupo.

Dharau nayo ina historia yake katika fani hii. Mwaka 1879 Marcelino Sanz de Sautuola alikuwa anachimba sakafu ya pango la Altamira, Hispania, macho chini, akitafuta zana. Bintiye María, mtoto wa miaka kama minane, ndiye aliyeinua kichwa akaona nyati darini. Baba akachapisha, wasomi wakamkatalia: michoro mizuri kiasi kile haiwezi kuwa ya watu wa mapangoni. Wengine wakadokeza kwamba kuna mtu kaichora juzijuzi. Sautuola alikufa 1888 na doa hilo. Émile Cartailhac, mmoja wa waliompinga, aliandika kukiri kosa lake mwaka 1902, miaka kumi na minne marehemu akiwa kaburini. Huwa nawaambia wanafunzi wapya waangalie sababu iliyotumika kumkataa. Haikuwa udongo, haikuwa zana, ilikuwa "nzuri mno".

Majina pia yachunguze. Kile kisanamu cha mwanamke cha Willendorf, Austria, kilichopatikana 1908, kina sentimita 11 tu, hakina nyayo, na palipotakiwa uso pana safu za misuko, au labda ni kofia ya kusukwa. Wakakiita Venus, mungu wa kike wa mapenzi wa Waroma waliokuja miaka zaidi ya ishirini elfu baadaye, na tangu siku hiyo kila mwanafunzi anaanza na mapenzi na uzazi kabla hajatazama. Andika "kisanamu cha Willendorf" uendelee na kazi.

Tukija kwenye maana yenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilipendwa sana hoja ya uchawi wa kuwinda: unamchora mnyama ili umpate. Ni hoja tamu, ndiyo niliyoidandia mimi kwenye ile kazi yangu. Nenda nayo pango la Lascaux, Ufaransa. Mifupa ya chakula iliyopatikana mle karibu yote ni ya rendia, aina ya kulungu wa nchi za baridi. Kwenye kuta zenye wanyama kwa mamia, wengi wao farasi, rendia ni mmoja. Kama picha ilikuwa ya kuita kitoweo, walikuwa wanaita wasichokila.

Maana inayosimama hupatikana pale ambapo kuna kitu nje ya picha cha kuishikilia. Pofu wa Game Pass ana bahati hiyo. Miaka ya 1870, huko Cape Town, Wilhelm Bleek na Lucy Lloyd waliandika masimulizi ya Wasan, watu ambao mababu zao ndio waliochora miamba hiyo, wa jamii ya Wa/Xam, tena kwa lugha yao, daftari zaidi ya kurasa 12,000. David Lewis-Williams, mtafiti wa michoro ya mwambani, alikuja kuyasoma hayo pamoja na habari za ngoma za uganga za Wasan wa Kalahari, kisha akarudi kwenye mwamba. Pofu aliyepigwa mshale wa sumu huyumba, hutoka jasho, huinamisha kichwa, nywele humsimama, miguu hupishana, hufa. Mganga anayepandisha katikati ya ngoma naye huyumba, hutoka jasho, huinama, na wao wenyewe husema "amekufa". Aliyeshika mkia pale mwambani, kwa maelezo hayo, anakufa pamoja na mnyama ili achukue nguvu zake. Wapo wanaopinga, nao wana hoja: Wa/Xam waliishi mbali sana na Drakensberg. Wasome pia. Ila angalau ugomvi huo ni juu ya miguu iliyopishana na kwato, vitu ambavyo kila mtu anaviona.

Ukitaka zoezi la kuanzia, hili ndilo ninalompa kila anayekuja kwangu. Chagua picha moja, funga kitabu chenye maelezo yake, uichore kwa penseli kwa muda wa saa moja. Si lazima ujue kuchora, mimi sijui mpaka leo. Mkono hukawia mahali ambapo jicho hupita mbio, na kila unapokwama andika ulikwama wapi. Ile ya Game Pass nimeshaichora mara nne. Nywele zilizosimama niliziona mara ya tatu.